Diski Yenye Njaa: Kisa cha Habu Iliyodai Ina Umeme Wake

Ujumbe uliingia saa nane mchana. "Kaka, diski imekufa tena. Nikiichomoa na kuichomeka upya inafufuka, nikiingia kikaoni inakufa." Aliyeandika ni dada tunayefanya naye kazi, na ndani ya mistari ile miwili mlikuwa na jibu zima, ila siku ile sikuliona. Nilishika neno "imekufa" nikaliacha neno "kikaoni". Ningeanza na la pili ningeokoa siku mbili.

Meza yake ilikuwa hivi. Kompyuta mpakato yenye matundu mawili ya USB. Tundu moja limeshikwa na kifaa cha mtandao wa waya, nacho hakitoki hapo. Tundu la pili limechomekwa kebo ya kurefushia, mita moja na nusu, iliyopita nyuma ya meza hadi kwenye habu, yaani kile kijisanduku kinachogeuza tundu moja kuwa manne. Habu yenyewe ilikuwa ya USB 3.0, ya plastiki, nyepesi kama kiberiti, haina adapta ya ukutani wala mahali pa kuichomeka. Kwenye matundu yake manne kulikuwa na kibodi yenye taa, kipanya, kamera, na diski ya nje ya inchi 2.5 ambayo programu ya nakala rudufu huiamsha kila baada ya saa moja.

Ukitega sikio karibu na diski wakati inakata roho, unasikia mvumo ukipanda, halafu tik moja kavu, kisha kimya. Sekunde chache baadaye mvumo unaanza upya, tik, kimya. Kwenye skrini alama ya diski inatoweka na kompyuta inalalamika kwamba kifaa kimeondolewa bila kuagwa.

Mtu yeyote aliyewahi kupoteza diski akisikia tik hiyo moyo unamwenda mbio, na mimi nilikwenda moja kwa moja huko: vichwa vya kusomea vimeharibika, tuokoe data kabla ya lolote. Tulinakili faili zote muhimu kwenye diski nyingine, jambo ambalo silijutii hata kidogo. Kisha nikasoma kumbukumbu za afya ambazo kila diski hujiandikia yenyewe. Sekta zilizohamishwa kwa kuharibika: sifuri. Sekta zinazosubiri kuhamishwa: sifuri. Lakini ulikuwapo mstari mmoja ambao namba yake ilikuwa kubwa kupita kiasi kwa diski changa kama ile. Ni mstari unaohesabu mara ambazo vichwa vimerudishwa maegeshoni kwa dharura kwa sababu umeme umekatika ghafla.

Hapo ndipo shauri lilipogeuka. Diski ikipoteza umeme katikati ya kazi, vichwa haviwezi kuachwa juu ya sahani, zile duara zinazozunguka ambazo data imeandikwa juu yake. Vikigusa uso wake, data inakwanguliwa. Kwa hiyo sahani zinazoendelea kuzunguka kwa mwendo uliobaki hutumika kama jenereta ndogo, mota inageuka kuwa mzalishaji, na umeme huo wa sekunde ya mwisho unavuta vichwa hadi kwenye ngazi yao pembeni. Tik niliyokuwa naisikia ilikuwa sauti ya diski inayojiokoa. Diski ilikuwa nzima. Ilikuwa na njaa tu.

"Dada, diski yako haijafa," nilimjibu. "Hailishwi ikashiba."

"Mbona asubuhi inakula vizuri?"

Swali zuri kuliko yote niliyojiuliza mimi. Asubuhi anafanya kazi bila kamera. Mchana anaingia kwenye vikao vya mtandaoni, kamera inawaka, diski imelala kwa sababu hakuna anayeigusa, kisha saa ya nakala rudufu inafika katikati ya kikao. Diski inaamshwa na mota yake inabidi isukume sahani kutoka kusimama hadi kasi kamili. Kama kikao kimeanza wakati diski tayari inazunguka, haifi. Tuliangalia nyuma siku chache, saa za kufa kwake dhidi ya kalenda ya vikao, na kila kifo kiliangukia kwenye kikao. Hakuna kilichobaki nje.

Sasa lazima nieleze jinsi habu inavyolisha vifaa, maana bila hilo hesabu inayofuata haitaeleweka.

Habu haizalishi umeme. Ina njia mbili tu za kuupata: ama inaupokea kutoka kwenye kompyuta kupitia kebo yake, ama ina adapta yake ya ukutani. Vyovyote iwavyo, inachotoa ni volti 5 kupitia waya mmoja, na mkondo unarudi kupitia waya wa ardhi. Kanuni za USB tangu toleo la kwanza la mwaka 1996 zimekata umeme huu katika mafungu. Fungu moja kwenye USB 2.0 ni miliampea 100, na kifaa kimoja hakiruhusiwi kuzidi mafungu matano, yaani miliampea 500. USB 3.0, iliyotoka mwaka 2008, ilipandisha fungu hadi miliampea 150 na idadi hadi sita, ndipo ikapatikana ile 900 inayotajwa sana. Kifaa kipya kikichomekwa kinaanza na fungu moja tu. Kikitaka zaidi, kinasubiri kompyuta isome maelezo yake na kukipa ruhusa.

Chukua habu ya USB 2.0 isiyo na adapta. Kompyuta inaipa miliampea 500. Yenyewe inajitengea 100 za kuendesha chipu yake. Zinabaki 400, nazo zinagawika matundu manne, 100 kila moja. Ndiyo maana habu za kupewa umeme na kompyuta zilizoea kuwa na matundu manne, si matano wala sita. Kwenye USB 3.0 mambo yanafanana, ila kila tundu la habu ya aina hii linahesabiwa fungu la miliampea 150. Habu yenye adapta yake iko daraja lingine: inatakiwa iweze kutoa miliampea 500 kwenye kila tundu la USB 2.0, na 900 kwenye kila tundu la USB 3.0.

Rudi kwa diski yetu. Nilisoma maelezo yake: inajitangaza kuwa inahitaji miliampea 896. Namba hiyo inachekesha kidogo, na ina sababu. Kwenye USB 3.0 kifaa hakiandiki miliampea zenyewe. Kinaandika idadi ya vipande vya miliampea 8. Vipande 112 ni 896, na 113 vingekuwa 904, yaani vimevuka mpaka. Kwa hiyo 896 maana yake ni "nataka chote kinachoruhusiwa".

Diski inayotaka 896 imechomekwa kwenye habu ambayo kihalali inaweza kuipa 150. Kompyuta ilipaswa kukataa. Mifumo ya uendeshaji inajua kufanya hivyo: Linux itaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba imekataa usanidi wa kifaa kwa sababu umeme uliopo hautoshi, na Windows ina onyo lake la habu iliyozidiwa. Kwa nini kompyuta ya dada huyu haikusema neno hata mara moja?

Kwa sababu iliulizia, ikajibiwa uongo.

Kila habu, kama kifaa kingine chochote cha USB, hubeba maelezo ya utambulisho, na ndani yake kuna baiti moja ya sifa. Biti ya 6 ya baiti hiyo, ikiwa 1, inasema "nina umeme wangu mwenyewe". Ikiwa 0, inasema "nategemea kompyuta". Nilifungua maelezo ya habu ile kwa lsusb, amri ya Linux inayoorodhesha vifaa vya USB, na baiti ilikuwa e0. Kwa anayezisoma namba hizo, e0 maana yake biti ya 6 imewashwa. Mbele ya macho yangu kulikuwa na kijisanduku kisicho na adapta, kisicho hata na tundu la adapta, kikiapa mbele ya kompyuta kwamba kina umeme wake. Kompyuta haina jicho. Imeambiwa kuna umeme wa kutosha, ikahesabu miliampea 900 kwa kila tundu la upande wa kasi, ikairuhusu diski ichukue 896 zake na ikaendelea na shughuli nyingine.

Uongo huu hauko kwenye habu hii peke yake. Chipu nyingi za habu zina mguu mmoja uliotengwa kwa kazi ya kuambiwa kama adapta ipo au haipo. Mtengenezaji anayejali anauunganisha mguu huo na tundu la adapta, ili adapta ikichomolewa chipu ibadilishe maelezo yake. Mtengenezaji mwingine anaufunga moja kwa moja kwenye upande wa "ipo" na kusahau habari zake. Namwelewa, hata kama simsamehe. Habu yake ikisema kweli, mteja atachomeka diski, kompyuta itaikataa, na mteja atairudisha habu akisema ni mbovu. Ikidanganya, diski itafanya kazi siku nyingi, na siku isipofanya, atakayelaumiwa ni diski. Mimi mwenyewe nilianza kwa kuilaumu diski.

Kuna jambo la pili ndani ya habu za USB 3.0 ambalo wengi hawalijui. Kwa macho ya kompyuta si habu moja, ni mbili ndani ya ganda moja: moja ya USB 2.0 na nyingine ya USB 3.0, kila moja na maelezo yake. Kibodi, kipanya na kamera vilionekana chini ya ile ya kwanza, diski chini ya ile ya pili. Kwenye orodha zimetengana kama nyumba mbili. Lakini waya wa volti 5 unaozilisha ni mmoja. Ukitazama orodha tu, unaweza kuamini kabisa kwamba kamera na diski hazigombanii kitu.

Orodha haimalizi ubishi. Nilichukua kipimaji kidogo cha USB, kile kinachochomekwa katikati na kuonyesha volti na ampea, na multimita, yaani kipima-umeme chenye ncha mbili, kwa ajili ya kuhakikisha, tukaanza kujenga meza ya dada kitu kimoja kimoja. Kipimaji chenyewe kinaongeza ukinzani kidogo, na kinasoma polepole mno kuona kilele cha sekunde moja vizuri, kwa hiyo namba zangu zichukuliwe kama za karibu.

Tundu la kompyuta likiwa tupu lilitoa volti 5.06. Nikaweka kebo ya kurefushia, habu, kibodi na kipanya: kwenye tundu la habu ikabaki 4.92. Nikawasha kamera: 4.75. Nikaamsha diski kamera ikiwa imezimwa: volti ilidondoka hadi karibu 4.16 kwa muda mfupi, mvumo ukapanda kwa shida kama mtu anayepanda mlima na gunia kichwani, diski ikafika. Nikailaza. Nikawasha kamera, nikaiamsha tena. Skrini ya kipimaji ikaonyesha 3.9 na kitu, ikapepesa. Tik.

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kumbe ni kamera?"

"Si kamera. Ni njia ndefu."

Cha kustaajabisha kwenye vipimo hivyo ni mkondo. Mambo yote yakiwa yanaenda, kamera imewaka na diski inaandika, jumla ilikuwa karibu ampea 0.87. Kibodi, kipanya na chipu ya habu kwa pamoja vilikula kama 0.17, kamera 0.2, diski 0.5. Hiyo ni chini ya 0.9, ndani ya sheria. Wakati wa kuamka tu, diski ilipotaka karibu 0.9 peke yake, jumla ilifika 1.27. Huko ni kuvuka mpaka, lakini kinga ya tundu la kompyuta haikuruka, kwa kuwa kinga nyingi za matundu zimewekwa juu ya mpaka wa kanuni kwa makusudi, ili zisikate kwa kila mshtuko mdogo. Kazi yake ni kuzuia kebo isiungue. Kumhakikishia kila mlaji shibe si kazi yake. Kwa hiyo hakukuwa na king'ora popote. Kompyuta iliona mkondo unaovumilika, habu ilisema ina umeme wake, na kilichopungua ni volti zinazofika upande wa pili, kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitazama.

Zilipotelea wapi? Nikaichukua kebo ya kurefushia nikaisogeza kwenye mwanga. Kwenye ngozi ya kebo nyingi za USB kuna maandishi madogo yaliyopigwa chapa, na namba iliyo kabla ya herufi 2C ndiyo unene wa zile nyaya mbili za umeme. Hapa ilikuwa 28AWG. Kwenye kipimo hiki namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba: waya wa 28 una ukinzani wa karibu omu 0.21 kwa mita, wa 24 una kama 0.084. Mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita moja na nusu ni mita tatu za shaba. Mara 0.21, omu 0.63. Zidisha kwa ampea 1.27: volti 0.8 zimeliwa na kebo peke yake, zimegeuka joto nyuma ya meza. Viunganishi, kebo fupi ya habu na fyuzi iliyo ndani yake vilimalizia kama 0.25. Toa kwenye 5.06 unafika kwenye ile volti nne na pungufu niliyoiona.

Kanuni za USB 2.0 zinaruhusu tundu la habu isiyo na adapta lishuke hadi volti 4.40, si chini ya hapo, na vifaa vidogo vinatengenezwa vikijua hilo. Diski hii, hata wakati inaandika kwa utulivu huku kamera imewaka, ilikuwa ikipata 4.33. Ilikuwa inaishi chini ya mstari kila siku, na ilikuwa inavumilia. Kuamka ndiko kulikoivunja. Na kebo za kurefushia zenyewe, kwa kanuni hizo hizo za USB 2.0, hazitakiwi kuwapo. Zimo kwenye orodha ya kebo zilizokatazwa. Watu wanazitengeneza na sote tunazinunua. Hesabu ya volti kushuka imefanywa kwa kuamini kuna kebo moja tu kati ya kompyuta na habu.

Niliiondoa kebo ya kurefushia, nikachomeka habu moja kwa moja kwenye kompyuta, kila kitu kikiwa kimewashwa. Diski iliamka kwa 4.8. Haikusita hata kidogo.

Hapo kisa kingeweza kuisha. Tiba ya bure ilikuwa ni hiyo: toa kebo, au, kwa mwenye tundu la kompyuta lililo wazi, hamishia diski huko na uache habu ibebe vile vidogo. Lakini meza ina mpangilio wake na mwenye meza ana haki yake. Alitaka habu ibaki ng'ambo ya pili, na alitaka kuchomoa kitu kimoja tu anapoondoka. Hilo linadai habu yenye adapta yake, na kuichagua kulikuwa na mitego miwili ambayo ilitupata mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni ukubwa wa adapta. Habu aliyoazima kwa jirani ilikuwa na matundu saba ya USB 3.0 na adapta iliyoandikwa 5V 2A. Piga hesabu: saba mara 0.9 ni ampea 6.3. Adapta ina mbili. Kwa meza ya dada zingetosha, mahitaji yake yakiwa 1.27 kwenye kilele, lakini asije akaamini kwamba matundu saba ni ruhusa ya diski saba. Soma maandishi ya adapta, siyo idadi ya matundu. Adapta nyingine za habu ni za volti 12, na volti 5 zinatengenezwa ndani ya habu. Kwa hizo linganisha wati, maana ampea 3 za volti 12 ni wati 36, na hizo zikishushwa hadi volti 5 ni ampea 7.2 kabla ya kutoa kinachopotea njiani.

Wa pili ni wa kutisha zaidi. Tulipozima kompyuta jioni ile, adapta ya habu ikiwa bado ukutani, taa ndogo ubavuni mwa kompyuta haikuzimika kama ilivyozoea. Nikachomoa plagi ya habu kutoka kwenye kompyuta, nikagusa vibati viwili vya pembeni vya plagi ile kwa ncha za multimita. Plagi hii ni ya kupokea; inapaswa kuwa kavu. Ilisoma volti 4.97. Habu ilikuwa imeunganisha umeme wa adapta na waya unaotoka kwenye kompyuta bila kitu chochote cha kuzuia kurudi nyuma, kwa hiyo umeme ulikuwa unapanda kinyume hadi ndani ya kompyuta kupitia tundu lililojengwa kwa kutoa tu. Wanaotumia kompyuta ndogo za Raspberry Pi wanaujua mchezo huu: wanachomoa chaja, na ubao unaendelea kuwaka kwa sababu habu inaulisha kwa mlango wa nyuma. Kompyuta nyingi zina kinga na hazitadhurika. Nyingi si zote. Habu ile ilirudi kwa mwenyewe na onyo. Iliyofuata, nilipogusa plagi yake, multimita ilisoma sifuri, na baiti yake ya sifa ilibadilika adapta ilipochomolewa. Hapo nikajua kwamba mguu ule wa chipu umeunganishwa kweli.

Kuna watakaouliza kuhusu kebo yenye plagi mbili, ile inayochukua umeme kutoka matundu mawili. Tuliijadili. Inafanya kazi ukichomeka plagi zote mbili kwenye kompyuta, ingawa waandaaji wa USB hawaitambui. Ukizichomeka mbili kwenye habu isiyo na adapta hujapata kitu: matundu mawili, mfereji ule ule mmoja. Ni sawa na kuweka mirija miwili kwenye kikombe kimoja ukitarajia chai iongezeke.

Na wenye kompyuta za USB-C wasidhani kisa hiki hakiwahusu. Huko makubaliano ya umeme ni ya kina zaidi. Tundu linatangaza uwezo wake kwa ukinzani uliowekwa kwenye waya maalumu, omu elfu 56 kwa kiwango cha kawaida, elfu 22 kwa ampea 1.5, elfu 10 kwa ampea 3, na chaja kubwa zinajadiliana volti za juu. Habu zinazopitisha chaja hadi kwenye kompyuta hujikatia fungu lao kwanza, mara nyingi wati 15 hivi, kwa hiyo chaja ya wati 65 haifikishi 65. Ila shida inayoniletea watu wengi ni nyingine: mtu anachomoa chaja kutoka kwenye habu, kompyuta na habu vinabadilishana zamu ya nani anamlisha nani, na katika nusu ya pumzi hiyo diski iliyokuwa ikiandika inapoteza umeme. Tik ile ile. Chomoa chaja diski ikiwa imeagwa, si vinginevyo.

Turudi kwenye meza. Kwa habu mpya yenye adapta, kebo ya kurefushia ilibaki mahali pake, na haikudhuru. Jambo hili lilimshangaza mwenye meza, ila linafuata moja kwa moja kutoka kwenye hesabu: umeme wa diski sasa unatoka ukutani, unapita waya mfupi, haukanyagi kabisa zile mita moja na nusu za waya mwembamba. Kwenye kebo inapita mawasiliano tu, na mkondo mdogo usio na maana. Diski iliamka na volti 4.97 huku kamera imewaka, nikarudia mara kumi nikiilaza na kuiamsha, na kila mara kipimaji kilishuka kidogo tu na kurudi.

Iliyobaki ilikuwa kusafisha. Diski iliyokatiwa umeme mara nyingi hivyo katikati ya kuandika haiachwi ikaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Tulipitisha ukaguzi wa mfumo wa faili, ukapata vipande vichache visivyo na mwenyewe na kuvirekebisha. Nakala mbili za siku ambazo diski ilifia njiani hazikufunguka. Tukazifuta na kuanza nakala kamili upya kutoka mwanzo. Nikaandika pembeni ile namba ya maegesho ya dharura, na baada ya wiki tatu nikaisoma tena. Haikuwa imeongezeka hata moja.

Habu ya zamani haikutupwa. Iko kwenye meza nyingine, imebeba kibodi na kipanya, mzigo inaoumudu bila tabu. Ukiisoma maelezo yake leo, bado inaapa kwamba ina umeme wake.